Ubaharia Hupimwa Nangani

Watu wa pwani tunapenda kumsifu nahodha kwa safari zake. Tunahesabu bandari alizofika, dhoruba alizotoka salama, usiku aliovuka mkondo wa Pemba bila mwezi. Sifa hizo ni haki yake. Lakini chombo cha tanga hutumia sehemu kubwa ya umri wake kikiwa kimesimama: kinangoja maji yajae, kinangoja shehena, kinangoja upepo ugeuke, au kinangoja tu wenyewe walioshuka kwenda kumaliza shughuli zao. Hapo ndipo ninapoiona kazi ya baharia ikiwa wazi kuliko popote. Chombo kikiwa mbioni, upepo humsaidia na mwendo humsitiri. Kikitia nanga, uzembe wake wote huelea juu ya maji, kila apitaye akauona.

Ghuba ya Chole, Mafia, ni mahali pazuri pa kuyatazama haya. Imezungukwa na visiwa vya Mafia yenyewe, Juani na Jibondo, na upande wa bahari kuu miamba huvunja mawimbi kabla hayajaingia. Ndani yake kimekaa kisiwa kidogo cha Chole, chenye mibuyu, magofu ya Wajerumani na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Maji huingia na kutoka kwa nguvu kupitia lango la Kinasi. Humo utakuta ngalawa za wavuvi, mashua za kuvushia watu, majahazi, na katika miezi ya upepo mzuri utakuta pia boti za tanga za wageni ambao nyumba yao ni hiyo hiyo boti. Wanapika humo, wanalea watoto humo, na kesho wakitaka wanaihamisha. Jahazi la mbao na boti ya fiberi hulala jirani. Vifaa vyao vimeachana mbali, ila bahari huwauliza maswali yale yale.

Swali la kwanza ni chini kuna nini. Nahodha mzoefu haingii ghuba ya miamba jua likiwa usoni pake. Hungoja lipande na limkae mgongoni, kwa sababu hapo ndipo maji hufunguka: palipong'aa kijani chepesi pana mchanga, palipoiva kahawia au weusi pana mwamba au majani. Mchanga hushika nanga vizuri, tope zito hushika vizuri zaidi. Mwamba hudanganya. Nanga hunasa mara moja, nahodha akaridhika, kumbe imenasia tawi la tumbawe litakalovunjika usiku, au imeingia pangoni na kesho haitatoka. Na tumbawe likivunjika, hasara si ya chombo peke yake: hapo ndipo samaki wanapozaliana. Mafia imekuwa na hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, na mtu akitia nanga juu ya matumbawe pale huwa ameharibu shamba la mwenzake. Asiyekuwa na hakika hufunga kamba nyembamba kwenye kitako cha nanga na kuipa kiboya, ili ikikwama aivute kwa nyuma.

Swali la pili ni la hesabu, na hesabu hii huwashinda wengi waliosoma. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ukitia bildi maji yakiwa yamekupwa ukapata pima tatu, baada ya saa sita zitakuwa karibu tano. Nanga haishiki kwa uzito wake. Hushika kwa sababu amari, yaani kamba yake, imelala chini na kuivuta kwa ubavu, hata meno yake yakazama. Amari ikiwa fupi, maji yakijaa chombo huinuka na kuinyanyua nanga wima kama mtu anayeng'oa muhogo. Kwa hiyo kamba hupimwa kwa maji ya kujaa, wala si kwa maji unayoyaona, na mara tano ya kina ni kiasi cha mtu mwangalifu. Upepo ukizidi, huongeza. Lakini ukilegeza pima ishirini na tano za kamba, chombo nacho kitazunguka duara kubwa mkondo ukigeuka, na maji yakipwa duara hilo huenda likafika kwenye mwamba. Hivyo nahodha hupiga hesabu mbili kwa wakati mmoja: ya maji ya kujaa kwa ajili ya kamba, na ya maji ya kupwa kwa ajili ya mkuku usiguse chini. Hajatoa kalamu. Amesimama omo, mbele ya chombo, mkono umeshika kamba, macho yanakwenda huku na huku, na wenzake wanangoja aseme neno.

Nanga ikishazama, kuna jambo dogo ambalo nakusihi ulitazame siku ukipanda chombo chochote. Baharia huchutama omoni, akaweka kiganja juu ya amari iliyokazwa, akanyamaza. Kamba ikiwa imetulia, inakaza na kulegea taratibu kufuata wimbi, nanga imeshika. Ikiwa inatetemeka, inagonga kwa mshtuko mdogo mdogo, basi chombo kinaburura nanga juu ya ardhi isiyoshikika, hata kama kwa macho hakionekani kusogea. Kisha hutafuta alama mbili ufukweni zilizopangana, mnazi wa mbele na paa la nyuma, na nyingine mbili upande wa pili. Alama zikiachana, chombo kimehama. Katika maji maangavu kama yale, kijana mwenye miwani ya maji hujitosa akaifuata kamba hadi mwisho wake, akaitazama nanga yenyewe ilivyolala. Akipanda, huulizwa neno moja tu: imezama? Jibu lake ndilo linaloamua kama usiku ule watu watalala.

Aliyezunguka dunia kwa tanga peke yake kabla ya mtu mwingine yeyote alifundishwa somo hili katika Bahari yetu ya Hindi. Joshua Slocum aliondoka Boston, Marekani, mwaka 1895 ndani ya Spray, chombo cha futi 37 hivi alichokijenga upya kwa mikono yake, akarudi mwaka 1898. Dunia humkumbuka kwa masafa. Lakini mwenyewe aliandika kwamba kutoka Thursday Island, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Keeling, siku 23 na maili 2,700, hakushika usukani zaidi ya saa tatu kwa jumla, Spray ilijiendea. Hatari kubwa ya upande ule wa dunia ilimfika alipokwisha wasili. Alitoka na kijimashua cha watu kwenda kuchukua makombe makubwa ya baharini, upepo wa ghafla ukararua tanga bovu, na humo ndani hamkuwa na kasia hata moja. Nanga ilikuwamo, lakini kamba yake ilikuwa fupi, haifiki chini. Yeye na mwenzake wakaanza kupeperushwa kwenda magharibi, tone la maji ya kunywa hawana, na nchi kavu ya kwanza upande huo ilikuwa Afrika, maili 3,000 mbele. Waliokolewa na upondo uliokuwamo, wakaufanya kafi hadi walipogusa maji madogo. Mtu aliyevuka bahari kuu kadhaa alikaribia kupotelea ndani ya ghuba, kwa sababu siku hiyo alipanda chombo ambacho mwenyewe hakukikagua.

Ukaguzi ndio moyo wa maisha ya nangani, na huanza asubuhi kabla ya chai. Kila mtu anaijua methali ya mwenda tezi na omo. Aliyewahi kulala jahazini anajua kwamba, zaidi ya hekima, ile ni ratiba ya kazi. Marejeo ni ngamani kweli, kule chini maji yanakokusanyika. Baharia wa zamu huinua ubao, akateremka kwenye kiza chenye harufu ya mafuta ya sifa, chumvi na samaki wa zamani, akatazama maji yamefika taruma la ngapi. Jana yalifika wapi? Akachovya kidole akaonja. Yakiwa baridi, ni mvua ya usiku iliyopenya sitahani, si neno. Yakiwa ya chumvi na yamezidi ya jana, kuna mahali mbao zimeachana. Hapo hachukui upo akafua maji tu na kuondoka zake. Husikiliza, hupapasa, hufuata unyevu mpaka apate ufa unaotokwa machozi. Akiupata, kazi ya juma imeshapangika.

Na bahari yenyewe imempangia saa za kuifanya. Kwetu, siku za bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, mchana na usiku. Kwa hiyo jahazi husogezwa ufukweni alfajiri maji yakiwa juu, hutiwa magadi ubavuni lisilale, na maji yakipwa hubaki limesimama mchangani jua likiwa bado zuri. Kuanzia hapo kila dakika ina mwenyewe. Huyu anakwangua majani na vigamba, yule anapitisha moto wa makuti chini ya tumbo ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, fundi anachimbua pamba mbovu kwenye mshono na kushindilia mpya iliyoloweshwa mafuta, akigonga patasi butu kwa mdundo ambao masikio ya wenzake yanausoma: mlio mzito, bado, mlio mkavu, mshono umeshiba. Nyuma yake anakuja mwenye deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama, anaipaka kwa kiganja. Maji yakianza kurudi, hayamngoji mtu. Saa kumi alasiri chombo kinaelea tena, na usiku ule ngama hutazamwa mara mbili.

Jirani mwenye boti ya fiberi hana pamba wala deheni, lakini usidhani amestarehe. Chumvi inakula bolti zake, jua linaozesha uzi wa tanga kabla ya kitambaa, kamba inasagika pale pale inapogusa chuma. Naye asubuhi utamwona ameketi kivulini na sindano na uzi uliotiwa nta, anarudia mshono mmoja, au ameisogeza kamba shibiri mbili ili msuguano uhamie mahali papya. Kamba iliyosogezwa hivyo huishi miaka; iliyoachwa hukatika kwa siku moja, na siku hiyo huwa ni ile ya upepo.

Jikoni ndiko ustadi unakokuwa na harufu nzuri. Meko ya jahazi ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, mafiga matatu juu yake, sufuria imekabwa isiteleze. Nangani chombo huelekeza omo kwenye upepo, basi mpishi anajua moshi wake utakwenda wapi. Mkondo ukikipindua, wote watatokwa machozi na lawama atapewa yeye. Mchuzi wa changu aliyevuliwa ubavuni hauhitaji sifa. Sifa ni ya maji. Maji matamu chomboni yanahesabika kwa madumu, kila dumu lilibebwa begani kutoka kisimani hadi mtumbwini na kuvutwa juu kwa kamba, na mwenye kulibeba hasahau. Kwa hiyo sahani husuguliwa kwa mchanga na maji ya bahari, na kikombe kimoja cha maji matamu husuuza zote. Mvua ikija, turubai hutandazwa haraka. Ya kwanza huachwa ioshe chumvi na vumbi, inayofuata ndiyo hukingwa. Mpishi ambaye madumu yake yalibakiwa na maji siku chombo kilipochelewa kuondoka ni mtu mkubwa, ijapokuwa hakuna atakayemwimba.

Kisha kuna majirani. Nangani hakuna ukuta wala hatimiliki, na bado pana sheria inayojulikana na kila mwenye chombo: aliyetangulia ana haki, aliyekuja nyuma ndiye wa kuhama. Jambo hili lina sababu. Jahazi zito lenye mkuku mrefu hutii mkondo. Boti nyepesi yenye ubavu mrefu hutii upepo. Mkondo na upepo vikigombana, vyombo viwili vilivyopishana vizuri asubuhi vinaweza kugongana adhuhuri. Ndiyo maana mgeni, kabla hajaangusha nanga, hupaza sauti:

"Salaam aleikum, nahodha! Umelegeza pima ngapi?"

"Aleikum salaam. Ishirini na tano, shehe. Sogea kidogo upande wa Juani, maji yakigeuka tutapigana mbavu."

Wamekwisha juana. Jioni hiyo hiyo mtumbwi utavuka na kolekole wawili, utarudi na ndimu na kipande cha waya wa kuchajia simu. Mgeni aliyetoka Ulaya na mvuvi aliyetoka Jibondo huenda wasielewane maneno kumi, lakini mmoja akimwona mwenzake anarudi omoni mara ya tatu kushika kamba, atajua ana wasiwasi gani, na ataleta nanga ya pili bila kuombwa.

Baadhi ya waandishi wa kigeni waliliona hili kwa macho mazuri. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda chombo cha Kuwait kiitwacho Bayan huko Aden mwaka 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akaja nacho hadi Zanzibar na delta ya Rufiji katika msimu wa kaskazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940. Anayetafuta humo hadithi za mawimbi atazipata, lakini kurasa nyingi ni za kusimama: kungoja, kuuza, kutengeneza chombo, kupakia boriti za mikoko kwenye matope na mbu wa Rufiji, mpaka kusi ianze na kuwarudisha kwao. Biashara yote ya bahari hii ilijengwa juu ya kungoja huko. Kaskazi huleta, kusi hurudisha, na katikati kuna majuma ambayo chombo lazima kihifadhiwe hai bila kwenda popote. Aliyejua kutweka tanga tu, asijue kukaa nangani, chombo chake kilioza kabla upepo wa kurudi haujafika.

Leo mtu ataniambia mambo yamekwisha kuwa mepesi. Jahazi lina injini, boti ya mgeni ina paneli za sola na kifaa kinachofuatilia mahali ilipo kwa setilaiti na kupiga kelele ikihama. Sawa, na ni heri. Kengele hiyo imeokoa vyombo. Ila itazame inafanya nini: inakwambia umeshaondoka. Haikwambii kwamba kamba imesagika, wala kwamba umeme wa betri utaisha saa nane usiku na taa ya nangani itazimika. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinataka aliye nangani awashe taa nyeupe ionekanayo pande zote. Haziwezi kumtaka mtu aamke kuitazama. Injini nayo imeleta uvivu wake. Vijana wengi hutia nanga ovyo kwa kuwa wakiona mambo yameharibika watawasha mashine, na mashine ina tabia ya kukataa kuwaka usiku wa mvua.

Sitaki sifa hizi zifiche ugumu. Kukaa nangani kuna mende, kuna joto la adhuhuri linaloyeyusha lami, kuna chumvi kwenye kila kidonda, na ujira wa baharia ni mdogo hasa siku ambazo chombo hakiendi, kwa sababu mwenye mali hulipia safari. Huo ndio upungufu wa jinsi tunavyoithamini kazi hii. Tunalipia maili. Kungoja kwa akili, kukagua, kushona, kufua maji, kuamka mara mbili usiku kushika kamba, tunakuhesabu kuwa kupumzika. Matokeo yake ni kwamba vijana hujifunza kwenda kabla ya kujifunza kukaa, na wazee wanaojua mlio wa mshono ulioshiba wanaondoka mmoja mmoja bila kuwa na mwanafunzi.

Basi, ikikulazimu kuchagua chombo cha kukuvusha wewe na watoto wako, usianze kwa kumwuliza nahodha amefika wapi. Atakwambia, na yatakuwa ya kweli, na hayatakusaidia. Panda kikiwa kimesimama. Omba uione ngama. Tazama pale amari inapogusa mbao, kama imeviringwa kitambaa au imeachwa ijisage. Hesabu madumu, na uliza ni lini yalijazwa. Akikasirika kwa maswali hayo, shuka. Akikuonyesha mwenyewe kabla hujauliza, lipa nauli.